Namna ya kukusanya kazi za mwigizaji mkongwe angali hai

Waigizaji wetu walioanza kazi kabla ya mwaka 2000, wengi wao hawana orodha ya kazi zao popote. Anapofariki mmoja, redio hutaja michezo miwili mitatu ambayo kila mtu anaijua, picha ileile huzunguka WhatsApp, kisha kimya. Tuliliona hilo alipoondoka Mzee Small mwaka 2014, tukaliona Nairobi kwa Mzee Ojwang mwaka 2015, tukaliona tena kwa King Majuto Agosti 2018. Watu walilia kwa dhati. Lakini muulize mmoja wa waliolia: mzee alicheza nini mwaka 1985, na akina nani, kwenye ukumbi upi?

Mimi ni mhariri wa video. Nakata tamthilia na filamu hapa Sinza, na mama yangu mkubwa ni mwigizaji tangu kabla sijazaliwa. Alianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwenye kikundi cha utamaduni cha shirika la umma, akaingia michezo ya redio, akapanda majukwaa ya baa na kumbi za Dar es Salaam. Televisheni ilipokuja alikuwemo, filamu za mikanda na CD alikuwemo, na leo anaitwa kucheza bibi kwenye tamthilia. Nimekuwa nikikusanya kazi zake akiwa na nguvu zake, na njia ninayoifuata naiandika hapa kwa ajili ya yeyote mwenye baba, shangazi, mjomba au jirani wa aina hiyo. Usisubiri apate maradhi. Nusu ya kazi hii haifanyiki bila yeye mwenyewe.

Anza na kazi, maisha yatakuja yenyewe

Usianze na swali la "ulianzaje sanaa?" Mwigizaji mzee ameshalijibu kwa waandishi wa habari mara nyingi mno, na jibu limeshanyooka: alipenda tangu shuleni, mwalimu akamwona, baba akakataa, mama akamtetea. Huenda ni kweli tupu, ila halikupi kazi hata moja ya kuandika.

Nunua kaunta buku nene. Kila ukurasa uwe wa kazi moja tu anayoikumbuka, hata kama mchezo wenyewe umebaki na jina la utani. Mama mkubwa ana michezo mingi ambayo jina lake rasmi limepotea, na kwenye daftari imekaa kama "ule wa mjane", "ule wa daktari mlevi", "ule tulionyeshewa na mvua". Yanatosha kuanzia. Chini ya jina andika alicheza nani, nani aliongoza, walioigiza pamoja naye, kundi au kampuni, ukumbi au kituo, mwaka, alilipwaje, na ushahidi uko wapi. Acha nafasi tele, maana ukurasa mmoja utaurudia kwa miezi.

Usidharau ile ya malipo. Posho ya kikundi, mgawo wa kiingilio cha mlangoni, malipo ya siku ya kurekodi, fedha iliyolipwa mara moja bila karatasi: ukizisoma kwa mfuatano unaona jinsi mtu alivyoweza kudumu kazini, na kwa nini mwaka fulani alitoweka jukwaani akaenda kuuza vitenge.

Swali linalofungua kumbukumbu ni la mahali. Uliingilia upande gani? Nani alisimama kushoto kwako? Ulishika nini? Siku moja nilimuuliza mama mkubwa kuhusu ule wa mjane, amekaa mkekani anapepeta mchele. Akasema, "Huo umepotea mwanangu, ni zamani sana." Nikamwomba asimame, nikasogeza kiti, nikamwambia huu ndio mlango. Akaweka ungo chini, akajifunga khanga kiunoni, akatembea kuelekea ukutani, akageuka ghafla, mkono wa kulia umeinuka usawa wa bega, vidole vimekunjwa. Akabaki hivyo. "Shemeji yangu alikuwa pale," akasema, "ameshika hati ya nyumba. Nilikuwa namnyang'anya." Hapo maneno yakaja, yakaja majina ya wote waliokuwa jukwaani, likaja hata jina la kijana aliyegonga chuma kule pembeni kuwa kengele ya mahakama.

Mwigizaji wa jukwaani ameweka mengi mwilini, na ukimkalisha kitini hayatoki. Kwa hiyo, magoti yakiruhusu, mwombe asimame. Rekodi kwa simu, picha na sauti, simu iwe karibu naye. Zima feni. Feni ndiyo inayoharibu sauti nyingi za wazee wetu ninazoletewa kusafisha, na kelele ile haitoki yote hata ufanye nini. Kila unapoanza kurekodi, taja tarehe na majina ya waliopo.

Kutafuta mwaka

Wazee hawakumbuki miaka, wanakumbuka yaliyotokea. Kabla ya kwenda kwake, jiandikie kalenda ya matukio kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Yangu ina haya: Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Msako wa wahujumu uchumi, 1983. Kifo cha Sokoine, Aprili 12, 1984. Mwinyi kuingia Ikulu, Novemba 1985. Ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili, Septemba 1990. Uchaguzi wa vyama vingi, 1995. Kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 1996. Mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 kuingia 1998. Bomu la ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998. Kifo cha Mwalimu, Oktoba 14, 1999. Kisha ongeza ya nyumbani kwenu: nani alizaliwa lini, nani aliolewa lini, familia ilihamia wapi lini. Mama mkubwa akisema "nilicheza nina mimba ya Hadija, bwana akakataa nisipande juu ya meza", tayari nina mwaka na karibu nina mwezi.

Majina ya taasisi nayo yanasaidia, lakini yatumie kwa akili. Jina jipya ni ushahidi mzuri kuliko la zamani, kwa sababu la zamani hudumu mdomoni. Mtu akisema alicheza TaSUBa, ni mwaka 2007 kuja huku, maana hapo ndipo chuo cha Bagamoyo kilipopewa jina hilo. Akisema Chuo cha Sanaa, unajua tu kwamba si kabla ya 1981 kilipoanzishwa. Watu wanakiita hivyo hadi leo. Kwa Kenya ni vivyo hivyo: kituo cha taifa kiliitwa Sauti ya Kenya mpaka 1989, kikarudi kuitwa KBC, ila wakongwe wengine VoK haiwatoki.

Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994. Kwa hiyo mzee wa Dar es Salaam akikwambia alionekana kwenye televisheni mwaka 1988, usimbishie. Muulize kama alirekodi Zanzibar, ambako televisheni ya rangi ilikuwepo tangu miaka ya 1970, au Nairobi, au kama ilikuwa filamu iliyopigwa ikaonyeshwa kwa gari la sinema. Mara nyingi kazi ni ya kweli na kilichochanganyika ni chombo. Akisema "kabla ya ving'amuzi", kwa Dar es Salaam ni kabla ya mwisho wa mwaka 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa.

Mwaka ukishaupata, weka alama ya unavyouamini. Mimi natumia maneno matatu. "Hakika" ni pale penye karatasi, picha yenye tarehe au gazeti. "Inaelekea" ni pale watu wawili waliokuwepo wanapokubaliana bila kukaa pamoja. "Anasema" ni yeye peke yake. Usione aibu kuwa na kurasa nyingi za "anasema", ndivyo kazi zetu zilivyo. Ila usiliache neno hilo, kwa sababu atakayekuja baada yako atachukua kila ulichoandika kuwa ni hakika.

Michezo ambayo haikuwa na mswada

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wanaokusanya huruka.

Tamthilia zilizochapwa, kama za Ebrahim Hussein au Penina Muhando, zina nakala. Zinafundishwa, zinaandikiwa tasnifu, na waliozicheza chuo kikuu wanaweza kutafutwa kwa kuanzia kwenye kitabu. Lakini kwa miaka ya 1980 na 1990 mtu wa kawaida wa Dar es Salaam aliona maigizo jioni ya Jumamosi au Jumapili kwenye ukumbi au baa, kwenye onyesho moja lenye ngoma, sarakasi, vichekesho, taarab na mchezo wa kuigiza ndani yake. Makundi kama Muungano na DDC Kibisa, na TOT (Tanzania One Theatre) kuanzia 1992, yaliendeshwa hivyo. Michezo ile haikuandikwa. Mwongozaji alisimulia kisa, akagawa nafasi, waigizaji wakajenga mazungumzo yao mazoezini, na mengine wakayajenga palepale mbele ya watu kulingana na watu walivyopokea. Mchezo uliokwenda vizuri ulirudiwa ukumbi kwa ukumbi, ukikua.

Maana yake ni kwamba mwigizaji yule alikuwa pia mtunzi. Maneno aliyoyasema ni yake. Ukiandika "aliigiza" peke yake umemnyima nusu ya kazi yake, kwa hiyo kwenye ukurasa wangu naandika "aliigiza na kutunga maneno ya mhusika wake".

Namna ya kuuandika mchezo wa aina hii: mwombe akusimulie sini kwa sini, kuanzia taa zilipowaka au muziki ulipokatika. Usimkatize kumuuliza mwaka. Andika wimbo kama ulikuwepo, na mwombe auimbe. Muulize watu walicheka wapi, walitoka kumtuza wapi, na ni neno gani alilolisema usiku wa kwanza likapata shangwe akalishika hapo hadi mwisho. Muulize pia palibadilika nini walipotoka Ilala kwenda Temeke au walipokwenda mikoani. Mama mkubwa ananiambia wakifika Tanga walipunguza matusi na kuongeza mafumbo, kwa sababu watu wa Tanga ukiwatupia fumbo wanakurudishia palepale.

Kisha mtafute mwenzake aliyecheza naye, akusimulie mchezo uleule bila kumwambia ulichosikia. Utapata masimulizi mawili yanayopishana. Yaache yote mawili, bega kwa bega, na jina la msimuliaji juu ya kila moja. Usiyachanganye upate moja zuri. Mchezo ule haukuwa na umbo moja tangu mwanzo, na pale wanapopishana pengine wote wawili wanakumbuka sawa, usiku tofauti.

Majina

Andika jina la kwenye cheti, jina la jukwaani, na majina ya wahusika waliomganda, yote pamoja na kwa tahajia zote unazokutana nazo. Mzee Small ni Said Ngamba. King Majuto ni Amri Athumani, na kuna magazeti yaliyoandika Athuman. Mzee Ojwang ni Benson Wanjau, Mama Kayai ni Mary Khavere, Papa Shirandula ni Charles Bukeko. Ukitafuta gazetini kwa jina la cheti peke yake hutapata kitu, na ukitafuta kwa jina la mhusika peke yake utakosa kazi zote za kabla ya mhusika huyo. Wanawake nao hubadili jina la pili wakiolewa na kurudisha wakiachika. Mama mkubwa ametokea kwa majina manne tofauti, moja wapo likiwa limekosewa na mchapaji wa bango, na hilo lililokosewa ndilo lililonipatia picha yake ya zamani kuliko zote.

Mikanda, kaseti na CD

Mikanda ya VHS inakufa. Iliyokaa stoo pwani, kwenye joto na unyevu, inakufa haraka zaidi. Ukiipata, kabla ya kitu kingine chochote itazame kwenye mgongo wake: pembeni kuna kijimeno cha plastiki. Kivunje. Kikishavunjika, deki haitakubali kurekodi juu yake, hata mtu akibonyeza kwa bahati mbaya. Kaseti za sauti nazo zina vijimeno viwili juu, kimoja kwa kila upande. Ni kazi ya sekunde moja na imeokoa vitu vingi.

Halafu chungulia kwenye kidirisha. Ukiona unga mweupe au nyuzinyuzi kwenye ukingo wa utepe, huo ni ukungu. Mkanda huo usiutie kwenye deki. Utachafua vichwa vya deki, na deki itaupeleka kwenye kila mkanda utakaofuata. Uweke peke yake kwenye mfuko na umtafute fundi anayejua kusafisha utepe wenyewe. Ukiwa safi, upeleke mbele wote hadi mwisho, urudishe wote, ndipo uucheze. Cheza mara moja tu, huku kompyuta inanasa. Usiutazame kwanza kwa kujifurahisha, kwa sababu mkanda mchovu unaweza kukupa mzunguko mmoja na usikupe wa pili.

Nasa kila kitu, tangu chenga za mwanzo mpaka utepe uishe. Najua hamu ya kukata, ndiyo kazi yangu ya kila siku, lakini hapa mkasi ukae mbali. Tangazo la sabuni lililopita katikati ya mchezo, sekunde chache za taarifa ya habari, nembo ya kituo kwenye kona, vyote hivyo vinatoa mwaka. Na mkanda ulikuwa ghali, watu walirekodi juu ya vya zamani. Dakika za mwisho za mchezo mmoja wa mama mkubwa nilizikuta nyuma ya harusi ya jirani: bibi harusi anaingia kwenye gari, picha inaruka, halafu yuko mama mkubwa kijana kabisa, amevaa gauni la nesi, anamzuia mtu mlangoni. Mkanda ule uliandikwa "Harusi" tu. Kwa hiyo waombe jamaa mikanda yao yote, hata ya kipaimara, na itazame mpaka mwisho.

Filamu za CD na DVD zilizouzwa Kariakoo nazo usizione za juzi. CD zinachubuka na safu yake inaoza. Nakili faili lilivyo bila kulibadili, kisha utengeneze nakala nyingine ya kutazama. Filamu nyingi ziliuzwa sehemu ya kwanza na ya pili mbalimbali. Kazi ni moja, ukurasa ni mmoja, ila andika umepata sehemu ipi. Piga picha kava mbele na nyuma. Mbele pana sura ya nyota, nyuma ndipo penye majina madogo ya wengine, jina la kampuni na la msambazaji. Majina ya mwisho wa filamu yasimamishe, uyapige picha moja moja, kwa maana hapo utampata mpambaji, mshika maiki na mtu wa taa. Hao utawahitaji.

Picha za karatasi zipige karibu na dirisha lenye kivuli, bila mwanga wa kamera. Nyuma yake andika kwa penseli, kamwe si kwa kalamu ya wino, majina kuanzia kushoto kwenda kulia. Fanya hivyo siku hiyohiyo mwenyewe akiwa amezitazama.

Nakala ziwe tatu: mbili kwenye diski mbili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine kabisa au mtandaoni. Nyumba zinaungua, mafuriko ya Jangwani kila mtu anayajua, na simu zinaibwa.

Watu waliosimama nyuma

Baada ya mwigizaji mwenyewe, chanzo changu bora kimekuwa fundi cherehani. Aliyeshona mavazi ya kikundi aliandika kila kitu kwenye daftari lake la vipimo: jina, kifua, kiuno, vazi la nani, tarehe ya kuchukua, na deni. Kwa daftari la namna hiyo nilipata mfuatano wa michezo ya miaka kadhaa ambayo mama mkubwa alidhani ilikuwa ya msimu mmoja. Watafute pia wapiga picha wa mtaani waliokuwa wakipiga kwenye kumbi na kuuza picha wiki iliyofuata, kwani wengine bado wana negativu zao kwenye makopo ya biskuti. Mtafute dereva wa kikundi, anazijua safari za mikoani kwa barabara zilizowakwamisha.

Maktaba iwe ya baadaye, ukiwa tayari una miaka ya kutafutia. Kuingia Maktaba ya Taifa pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed na kuomba gazeti la Uhuru la mwaka mzima ni kupoteza wiki. Ukijua mwezi, unakaa asubuhi moja. Tazama kurasa za burudani za Ijumaa na Jumamosi, na matangazo madogo ya "leo usiku ukumbi fulani", ambayo mara nyingi yana ushahidi mwingi kuliko habari yenyewe. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina kitengo cha Afrika Mashariki chenye magazeti na tasnifu za sanaa za maonyesho. Zanzibar kuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na Nairobi kuna Nyaraka za Taifa Moi Avenue. Piga picha ukurasa mzima pamoja na jina la gazeti na tarehe, sio habari peke yake iliyokatwa.

Kwenye mikataba sitakaa sana. Karatasi yoyote yenye sahihi yake ihifadhi kwenye bahasha yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ni ya mwaka 1999 na inawatambua waigizaji kama wenye haki katika maonyesho yao, na Kenya kumekuwepo chama cha PRISK cha kukusanya mirabaha ya watendaji. Mzee akitaka kudai, orodha uliyoitengeneza ndiyo itakayokuwa mkononi mwa mwanasheria. Pasipokuwa na mkataba, andika makubaliano ya mdomo jinsi anavyoyakumbuka na nani alikuwepo.

Anachotaka kiachwe

Mwulize wazi mapema: kipi kisitoke? Kuna mzee aliyekwenda Hija, hataki tena kuonekana amevaa kama mlevi. Kuna mama aliyeokoka, hataki zile sini za mapenzi. Kuna ugomvi wa kikundi ambao upande wa pili umeshafariki na watoto wao wapo. Mimi naamini kila kitu kiandikwe kwenye daftari, na kile anachokikataa kiwekwe alama na kisinakiliwe kwenda popote mpaka atakapotamka vinginevyo. Wengine wanaona tofauti, wanasema historia ni ya wote. Lakini mwili ule ni wake, na akishakuona huheshimu hilo atafunga mdomo hata kwa yale mengine. Mama mkubwa aliondoa kazi mbili mwanzoni. Moja ameirudisha mwenyewe baada ya kuona ukurasa wake ulivyoandikwa.

Usimsahihishe mbele ya watu. Ukipata gazeti linalompinga, mpelekee faraghani, msomee, mpe muda. Mara nyingi atasema, "Ahaa, basi ule ulikuwa mwingine," na utakuwa umepata mchezo wa ziada.

Kuandika orodha

Wengi hugawa kwa chombo: jukwaa peke yake, redio peke yake, filamu, televisheni. Mimi napinga. Panga kwa mwaka, vyombo vyote vimechanganyika, kwa sababu ndivyo mwigizaji alivyoishi. Kwenye mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya 1990 mama mkubwa alikuwa anarekodi redio asubuhi, anafanya mazoezi ya televisheni mchana na anapanda jukwaani wikiendi, na unapouona ukurasa ule unaelewa kwa nini sauti yake ya televisheni ya mwanzo ilikuwa kubwa mno: ilikuwa bado ni sauti ya ukumbini. Unaona pia lini alianza kuitwa kwa nafasi za mama, lini za mama mkwe, lini za bibi, na ile miaka mitupu katikati ambayo mwanamke wa makamo haitwi na mtu. Ukigawa kwa chombo miaka hiyo mitupu inajificha.

Ingizo moja lisomeke hivi:

Ule wa mjane (jina rasmi halijapatikana). Mchezo wa jukwaani bila mswada. Inaelekea 1986 au 1987. Alicheza mjane, akatunga maneno ya mhusika wake. Waigizaji wanne wanakumbukwa, majina ukurasa wa pili. Ulionyeshwa Ilala, Temeke na Tanga. Ushahidi: masimulizi yake, masimulizi ya mwenzake mmoja, daftari la fundi cherehani.

Mistari hiyo michache inatosha. Sifa usiziweke kwenye orodha. "Gwiji", "nguli", "malkia wa jukwaa", yote hayo yaache kwa watu wa redio.

Ikishafika kurasa za kutosha, chapa nakala na uzipeleke: moja kwake, ifungwe vizuri na jina lake juu, moja Maktaba ya Taifa, moja maktaba ya TaSUBa Bagamoyo au idara ya sanaa ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Ukitaka kuandika makala yake Wikipedia ya Kiswahili, kumbuka wanataka vyanzo vilivyochapwa, kwa hiyo magazeti yako yataingia na masimulizi yake hayataingia. Hiyo ni sababu nyingine ya kuweka daftari zima maktaba: likishakaa pale, mwingine anaweza kulisoma na kuliandikia.

Na kama bado anafanya kazi, endelea. Siku akipigiwa simu, mwombe mtoto wa nyumbani apige picha ratiba ya kurekodi anayotumiwa kwenye WhatsApp na akutumie. Ina jina la tamthilia, tarehe, lokesheni, namba za sini na majina ya wote walioitwa siku hiyo, na prodyuza huifuta akishamaliza. Fungua ukurasa mpya jioni hiyohiyo.